Barua ya wazi kwa wanaouza na kusimamia bima za simu: rudisheni ada za simu ambazo hazipo tena

KWA: Wakurugenzi watendaji wa kampuni za bima, mawakala wanaosimamia bima za simu, kampuni za mitandao ya simu, wauzaji wa simu na mabenki

NAKALA: Mamlaka za usimamizi wa bima na wasuluhishi wa migogoro ya bima

YAH: KUREJESHWA KWA ADA ZA BIMA ZA SIMU ZILIZOSAHAULIKA

Waheshimiwa,

Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imefika mwisho. Malalamiko ya aina hii yameletwa kwenu kwa simu, kwa barua pepe na kwa fomu zenu wenyewe, na majibu yake yanafanana hadi nukta: bima ilikuwa hai, mteja alikuwa na kinga muda wote, na kuifuta lilikuwa jukumu lake. Kisha faili linafungwa. Tumeona tuyaweke mambo yote mezani, ili kila mwenye bima ya namna hii aweze kuyalinganisha na makato yake mwenyewe.

Mtu ananunua simu na kuandikishiwa bima palepale kaunta, huku simu ikiwa bado kwenye boksi. Ada ni ndogo na inakatwa kila mwezi. Baada ya miaka miwili au mitatu simu hiyo inauzwa, inaibwa, inaharibika, inapewa mtoto au inarudishwa dukani kama sehemu ya malipo ya simu mpya. Bima haifi pamoja na simu. Inajihuisha yenyewe, na makato yanaendelea hadi siku mwenye akaunti atakapoketi na kupitia mstari mmoja baada ya mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Lakini katika suala hili daftari lipo, tena liko kwenu. Ninyi mna taarifa zinazoonyesha kwamba simu ile haimo tena mikononi mwa mteja; yeye hana taarifa yoyote kwamba bima bado ipo. Mwenye taarifa ndiye anayepaswa kuchukua hatua ya kwanza.

MALALAMIKO YETU

1. Kinga imefungwa kwenye simu, makato yamefungwa kwenye mtu

Bima nyingi za simu hazimlindi mteja kwa simu yoyote atakayokuwa nayo. Zinalinda kifaa kimoja, kinachotambuliwa kwa namba ya IMEI yenye tarakimu 15, ile inayoonekana mtu akibonyeza *#06#. Siku ya kudai fidia, jambo la kwanza linaloangaliwa ni kama IMEI ya simu iliyoharibika inalingana na iliyoandikwa kwenye hati. Isipolingana, dai linakataliwa. Hatulaumu utaratibu huo. Bila huo mtu angelipia simu moja na kudai kwa kumi.

Tunachokilaumu ni kwamba IMEI inatazamwa siku ya kulipa fidia tu, haitazamwi siku ya kukata ada. Kama simu yenye namba ile iliuzwa miaka mitatu iliyopita, mteja hana tena kitu cha kupoteza. Na msingi wa kwanza kabisa wa bima, unaofundishwa kwa kila anayeanza kazi hii, ni kwamba anayekata bima awe na maslahi katika kile anachokikatia. Pasipo maslahi hakuna hatari mnayoibeba, na pasipo hatari hakuna ada inayostahili kukatwa.

Taarifa za kuondoka kwa simu mnazo kwa njia nyingi. Duka lililopokea simu ya zamani na kumpa mteja simu mpya liliandika IMEI zote mbili siku hiyohiyo, na mara nyingi duka hilohilo ndilo lililouza bima ya ile ya zamani. Mtandao wa simu unaona ni kifaa gani kinachotumia laini ya mteja, na unaona pale kinapobadilika. Simu iliyoripotiwa kuibwa ikafungiwa, IMEI yake imo kwenye orodha ya zilizofungiwa. Hata kampuni ya bima yenyewe, ikishalipa fidia kwa simu iliyopotea, inajua kwamba kifaa kile hakipo tena. Tunaelewa kwamba taarifa hizi ziko mikononi mwa kampuni tofauti na zinalindwa na sheria za faragha. Ndiyo maana hatuombi mumfuatilie mteja. Tunaomba mumuulize.

Kuna tatizo la pili ndani ya hili, linalowaumiza hata wale ambao hawajasahau. Mtengenezaji akibadilisha bodi kuu ya simu chini ya dhamana yake, au akitoa simu nyingine badala ya ile mbovu, IMEI inabadilika. Hakuna anayemwambia mteja aitoe taarifa kwa kampuni ya bima. Simu za laini mbili nazo zina IMEI mbili. Muuzaji akiandika ya pili, na fundi wa madai akasoma ya kwanza, dai linarudishwa. Mteja wa namna hii analipa kila mwezi, anakumbuka kwamba ana bima, anaitegemea, na bado hana kinga.

2. Jina lililo kwenye taarifa ya benki halimwambii mteja kitu

Mteja anakumbuka jina la duka aliponunua simu. Anayekata pesa mara nyingi ni wakala anayesimamia bima kwa niaba ya kampuni nyingine, na jina lake linaonekana kwa kifupi cha herufi chache na namba ya kumbukumbu. Neno bima halimo, neno simu halimo. Anayekagua akaunti yake kwa makini kabisa anaweza kuupita mstari huo akidhani ni ada ya huduma nyingine. Pale ada inapounganishwa kwenye bili ya simu hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa inajificha ndani ya jumla, na mkataba wa simu ukiisha mteja akabaki na laini pekee, mstari wa bima unabaki palepale.

3. Kubadilisha kadi hakusimamishi makato, na kusimamisha makato hakufuti bima

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, nanyi mnajua hivyo. Mtu huamini kwamba kadi yake ikiisha muda, malipo yote yaliyoegemea kadi ile yanakufa. Sivyo. Visa na Mastercard zina huduma inayompelekea mfanyabiashara namba mpya ya kadi pale ya zamani inapobadilishwa, iwapo benki ya mteja inashiriki katika huduma hiyo. Kadi mpya inaanza kulipa deni la kadi ya zamani bila mwenyewe kuulizwa.

Upande wa pili, anayekwenda benki na kuzuia makato bila kuiandikia kampuni ya bima anaweza kujikuta amehesabiwa kuwa mdaiwa. Mkataba bado uko hai kwenye vitabu vyenu, ada haijaingia, barua za kukumbusha zinakwenda kwenye anwani ya zamani, na mwishowe jina linapelekwa kwa wakusanya madeni kwa ajili ya simu ambayo haipo. Mpangilio salama ni kufuta bima kwanza kwa maandishi, kupata namba ya uthibitisho na tarehe ya mwisho wa kinga, ndipo kuzuia makato. Hakuna hata fomu moja ya kujiunga inayomweleza mteja hivyo.

4. Kinga inapungua, ada haipungui

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Bei ya simu mpya tuifanye 100. Ada ya bima iwe 1.5 kwa mwezi, yaani 18 kwa mwaka. Ndani ya miaka 5 mteja amelipa 90. Akidai, anatakiwa kuchangia sehemu yake mwenyewe kabla ya kufidiwa; tuseme 15. Jumla ni 105 kwa simu ambayo, katika mwaka wa tano, ingeuzwa sokoni kwa sehemu ndogo tu ya bei yake. Na fidia yenyewe mara nyingi ni simu iliyotengenezwa upya ya hali kama ile, wala si bei aliyonunulia. Baadhi ya hati zinaweka hata ukomo wa umri wa simu. Simu ikiupita umri huo hailipiwi fidia, ilhali mfumo wa kukata ada haujui umri wala ukomo.

5. Kinga mbili kwa simu moja

Akaunti za benki zinazolipiwa ada ya mwezi mara nyingi huja na bima ya simu ndani yake. Bima ya vyombo vya nyumbani nayo inaweza kuigusa simu, hata ikiwa nje ya nyumba. Anayeuza bima kaunta ana wajibu wa kuuliza swali moja jepesi: je, simu yako imeshakatiwa bima mahali pengine? Swali hilo likiulizwa kwa dhati, sehemu ya mauzo inapotea, na tunaamini ndiyo sababu haliulizwi. Mteja mwenye kinga mbili hapati fidia mbili. Anapata moja, baada ya kampuni mbili kubishana nani alipe.

6. Namna bima ilivyouzwa tangu mwanzo

Hili halihitaji kubuniwa mifano. Mwaka 2019 mamlaka ya Uingereza inayosimamia masoko ya fedha, FCA, iliitoza kampuni ya kuuza simu ya The Carphone Warehouse faini ya zaidi ya pauni milioni 29 kwa jinsi ilivyouza bima ya simu iliyoitwa Geek Squad kati ya 2008 na 2015. Wauzaji hawakufundishwa ipasavyo kupima kama mteja anaihitaji bima. Walifundishwa namna ya kuzijibu pingamizi zake. Januari 2014, asilimia 35 ya bima hizo zilikuwa zikifutwa ndani ya miezi 3 ya kwanza. Kiwango cha namna hiyo ni kengele. Kinamwambia kila kiongozi kwamba watu wanafika nyumbani, wanasoma walichotia saini, na kugundua kuwa wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Waliobaki hawakuwa wote wameridhika. Wengine hawakusoma.

Kiwango hicho cha kufutwa mapema kila mmoja wenu anacho cha kwake kwenye mafaili yake. Tunaomba kiangaliwe, duka kwa duka, mwaka kwa mwaka.

7. Danadana

Duka linasema, sisi tuliuza tu, nenda kwa wakala. Wakala anasema, sisi tunakusanya tu, hatari ni ya kampuni ya bima. Kampuni ya bima inasema haimwoni mteja kwenye mfumo wake, arudi kwa wakala. Benki inasema aliidhinisha mwenyewe. Kila anapotupwa anaanza upya kueleza, na siku zinahesabiwa dhidi yake. Na pale hati ilipoandikwa kama mkataba wa huduma au dhamana ya ziada badala ya bima, msuluhishi wa bima naye anaweza kumwambia hana mamlaka. Mteja alilipa ada moja kwa jina moja. Ugawaji wenu wa kazi nyuma ya pazia haumhusu.

NJIA ANAYOPITIA MDAI, NA PALE INAPOKWAMA

Tunaieleza hapa kwa ukamilifu kwa sababu mbili: ili ninyi muone inakwamia wapi, na ili mwenye kudai ajue pa kuanzia.

Kwanza anakusanya taarifa za akaunti za miaka yote anayoweza kupata, kwa maana programu ya benki kwenye simu mara nyingi huonyesha miaka michache tu. Zilizobaki lazima ziombwe. Anatafuta kiasi kinachojirudia tarehe zilezile kila mwezi, na pia kiasi kinachotokea mara moja kwa mwaka, kwani bima ya kulipiwa kwa mwaka ndiyo ngumu zaidi kuiona. Ikiwa ada inaingia kwenye bili ya simu, anaomba bili yenye mchanganuo, si jumla.

Pili, IMEI ya simu ya zamani. Iko kwenye boksi, kwenye risiti, na mara nyingi kwenye akaunti ya mtengenezaji aliyojisajili nayo. Pamoja nayo anahitaji ushahidi wa siku simu ilipoondoka: risiti ya kubadilishana, ripoti ya polisi, ujumbe wa mauziano, au risiti ya simu mpya. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa hakuna anayetunza boksi la simu aliyoiuza miaka minne iliyopita. Duka lililoipokea lina rekodi hiyo, nalo humjibu kwamba haliwezi kuitoa.

Tatu, anaandika barua ya kuomba taarifa zake zote: hati ya bima, tarehe ya kuanza, rekodi ya mazungumzo ya mauzo, barua za kuhuisha na anwani zilikotumwa, orodha ya ada zote zilizopokelewa, na IMEI iliyoandikwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika 2018 inaipa kampuni mwezi mmoja kujibu, na Uingereza ina kanuni hiyohiyo. Nchi nyingine nyingi zina sheria za jamii hiyo. Kinachorudi mara nyingi ni ukurasa mmoja wenye jina na anwani.

Nne, anaandika dai lenyewe. Dai zuri halisemi tu kwamba alisahau. Linataja msingi wake: bima iliuzwa bila kueleweka, au simu haikuwepo tangu tarehe fulani, au kulikuwa na kinga nyingine, au notisi za kuhuisha hazikufika. Linaambatanisha jedwali la kila makato na tarehe yake, na kutaja jumla inayodaiwa pamoja na riba.

Riba inakokotolewa hivi. Ada zinapokuwa sawa kila mwezi, wastani wa muda zilizokaa kwenu ni takriban nusu ya kipindi chote. Kwa ada ileile ya mfano wetu wa juu, miezi 48 kwa 1.5 ni 72. Kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, isiyolimbikizwa, kwa wastani wa miaka 2, inapatikana 11.52. Jumla ya dai ni 83.52, na kama makato yalikoma mwaka mzima kabla ya kurejeshwa, inaongezwa riba ya mwaka huo juu ya 72, yaani 5.76. Asilimia 8 hatukuiokota njiani. Ndiyo ambayo msuluhishi wa huduma za fedha wa Uingereza alikuwa akiitumia kwa muda mrefu katika maamuzi yake.

Tano, jibu likikataa au lisipokuja, anakwenda kwa msuluhishi. Uingereza kampuni ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho, na mteja ana miezi 6 baada ya jibu hilo kupeleka shauri. Muda wa kila nchi una namna yake, na anayedai ausome mapema, sababu muda ukipita hata haki iliyo wazi inaweza kufungiwa mlango.

Kuhusu benki, njia yake ni fupi lakini nyembamba. Katika mfumo wa makato wa SEPA wa Ulaya, mlipaji anaweza kurudishiwa makato aliyoyaidhinisha ndani ya wiki 8 bila kuulizwa sababu, na yale ambayo hakuyaidhinisha ndani ya miezi 13. Inafaa kwa miezi ya mwisho. Kwa miaka ya nyuma, aliyepokea pesa ndiye wa kudaiwa.

MAJIBU TUNAYOYATARAJIA

Mtasema mteja alikuwa na kinga hata kama hakudai. Jibu hilo ni halali kwa simu iliyokuwepo. Kwa simu ambayo haipo, hebu mtuonyeshe dai moja ambalo mngelilipa. Kama angeleta simu yake mpya, mngeikataa kwa IMEI. Kama angedai ile ya zamani, mngemwita mdanganyifu.

Mtasema notisi ya kuhuisha ilitumwa. Ilitumwa wapi? Anwani ya nyumba aliyohama, au barua pepe aliyofungua dukani siku ya kununua simu. Barua pepe inayorudi bila kufika huacha alama kwenye mfumo, na barua ya posta iliyorudishwa hufika mezani kwenu. Kampuni iliyoona notisi zake zikirudi na ikaendelea kukata, haiwezi kusema ilimjulisha mteja.

Mtasema rekodi za zamani zimeshafutwa. Rekodi za mapokezi ya pesa hamkuzifuta kwa mikataba ambayo bado iko hai, la sivyo msingejua mnamkata nani.

Mtasema kiasi ni kidogo. Kwa mtu mmoja kwa mwezi mmoja, ndiyo. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vimejazwa upande wenu.

Na mtasema mtu mzima anawajibika kwa akaunti yake. Hapo tunakubaliana nanyi kwa sehemu, na tungependa kulisema wazi ili dai letu lisionekane la tamaa.

TUNACHODAI NA TUSICHODAI

Aliyeuziwa bima bila kueleweka, au aliyewekewa kisanduku kilichotiwa tiki tayari, arudishiwe ada zote tangu siku ya kwanza pamoja na riba, ikipunguzwa fidia yoyote aliyowahi kulipwa. Ambaye simu yake iliondoka, arudishiwe kuanzia tarehe ilipoondoka, na pale ushahidi wa tarehe haupatikani, ichukuliwe tarehe ya risiti ya simu iliyofuata. Mwenye kinga mbili arudishiwe kwa kipindi zilipopishana, na alipe ile aliyoichagua. Ambaye simu yake ilipata IMEI mpya chini ya dhamana ya mtengenezaji, kinga yake ihamishiwe au ada zirudi, asiachwe hewani.

Aliyekuwa na simu ileile mkononi muda wote, akaelezwa vizuri, akapata notisi zake, kisha akasahau tu kwamba analipa, huyo kwa ada zilizopita hatumdaii kitu kwenu. Kinga ilikuwepo. Tunachomwombea ni kufuta bila adhabu na kurudishiwa sehemu ya ada ya mwaka ambayo haijatumika.

TUNAOMBA YAFUATAYO

a) Kila baada ya miezi 12, kabla ya kuhuisha, mteja atumiwe ujumbe mfupi wenye mambo manne tu: aina ya simu, tarakimu 4 za mwisho za IMEI, jumla ya ada alizolipa tangu mwanzo, na swali, "Bado unayo simu hii?" Asipojibu baada ya kukumbushwa mara 3 kwa njia mbili tofauti, bima isijihuishe.

b) Duka linalopokea simu ya zamani liulize palepale kama ina bima, na fomu ya kuifuta iwe kwenye kaunta hiyohiyo.

c) Maneno "bima ya simu" yaonekane kwenye taarifa ya benki na kwenye bili. Ni suala la kubadilisha maandishi kwenye mfumo.

d) Kufuta kuwe kwepesi kama kujiunga. Kilichouzwa kwa dakika tano kaunta au kwa mguso mmoja kwenye programu kisihitaji kupiga simu na kusubiri kwa muziki.

e) Uwepo muda wa kutulia kati ya kununua simu na kuuziwa bima. Australia tangu Oktoba 2021 inazuia bima nyingi za nyongeza kuuzwa kabla ya siku 4 kupita. Uingereza tangu 2016 imekataza bima ya nyongeza kuuzwa kwa kisanduku kilichotiwa tiki tayari. Msisubiri sheria ya nchi mliyomo iwafikie.

f) Malalamiko yapokewe na yeyote kati yenu atakayefikiwa kwanza, na ni juu yake kuyafikisha panapohusika. Mteja apewe namba moja ya shauri.

g) Na lililo zito kuliko yote: pitieni wenyewe mikataba yote iliyozidi miaka 3 bila dai hata moja, muwaandikie wenye nayo, na muwarudishie wanaostahili bila kusubiri waje. Msiseme haiwezekani. Uingereza, katika suala la kinga za kadi za benki zilizouzwa na kampuni ya Card Protection Plan pamoja na mabenki, mwaka 2013 uliwekwa mpango wa fidia wa hadi pauni bilioni 1.3, na wateja wapatao milioni 7 wakaandikiwa barua. Wengi wao walikuwa wamelipia kinga ambayo benki zao zilikuwa zinawapa tayari. Majina, anwani na kiasi vilipatikana vilipotafutwa.

Kwa mamlaka za usimamizi tunaongeza ombi moja. Zidaini kampuni takwimu tatu kila mwaka na mzitangaze: sehemu ya ada inayorudi kwa wateja kama fidia, idadi ya bima zinazofutwa ndani ya miezi 3, na idadi ya mikataba iliyozidi umri wa simu unaokubalika kwenye hati zake. Ya tatu ikizidi sifuri, kuna watu wanaokatwa pesa bila kinga yoyote, na hakuna haja ya uchunguzi mrefu.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likieleza kwa kila ombi kama mnalikubali, lini litaanza kutekelezwa, na ni nani kwa cheo chake atakayelisimamia. Ombi mtakalolikataa, andikeni sababu yake. Majibu tutakayoyapata tutayatoa hadharani kama tulivyoitoa barua hii, neno kwa neno, pamoja na orodha ya wasiojibu.

Wenu,

Sisi tunaowasaidia wateja kudai ada za bima za simu